Hori ya Mbali na Hori Yetu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa Kidato cha Tatu hadi cha Sita)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanachama wenzangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma kule mkidhani sikuoni:

Katibu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya "Elimu na Maendeleo ya Mitambo". Jambo hilo ni pana kama bahari, na mimi sina chombo cha kulivukia. Nimemwomba radhi, nikaomba ruhusa niseme juu ya jambo moja dogo ninalolijua, nalo ni kutazama kinamasi cha maji ya chumvi kilichoko ng'ambo ya pili ya dunia, kwa kamera, nikiwa nimekaa barazani kwangu na kikombe cha kahawa. Silisemi kwa kujifurahisha tu. Katika shughuli za alasiri, kifungu cha sita, kamati inaomba tuchange fedha za kununua kamera ya namna hiyo, iwekwe juu ya paa la maabara na kuelekezwa kwenye hori iliyo nyuma ya shule. Mtapiga kura, nami nitapiga. Si vizuri mtu kukipigia kura kitu asichokijua.

Wengi wenu mwajua kwamba kazi yangu ya maisha ilikuwa bandarini, kusoma maji. Kila siku nilishuka kwenye gati, nikasoma mti wa vipimo, nikaandika kitabuni: maji yamejaa saa fulani, yamefika hapa, yamekupwa saa fulani, yamefika pale. Nilipostaafu, na magoti nayo yakastaafu. Tope la hori silikanyagi tena. Mjukuu wangu alipoona babu yake ananung'unika, alinifungulia simu akaniwekea picha ya mahali nisipopajua, picha inayokwenda, yenye upepo na sauti za ndege, akasema, "Babu, haya basi, maji hayo." Tangu hapo nimekuwa mtazamaji.

Kwanza kamera yenyewe. Vijana watashangaa kusikia kwamba asili ya mambo haya ni uvivu, tena uvivu wa wasomi. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watu walichoka kutembea hadi kwenye birika la kahawa na kulikuta tupu. Wakafunga kamera ikitazama birika, kila mtu aone mezani kwake kama kahawa ipo. Mwaka 1993 picha hiyo iliingizwa katika intaneti, watu wa nchi za mbali wakawa wanatazama birika la wenzao, na mwaka 2001 ikazimwa. Kutoka kwenye birika hilo zimezaliwa kamera za barabarani, za bandarini, na hizi za ndege na wanyama. Usiku nyingi kati yake hutumia mwanga ambao jicho letu halioni, kwa hiyo mtazamaji huona kila kitu kwa rangi ya kijivu, na ndege mwenyewe hajui kwamba amemulikwa.

Mahali ninapotazama ni pwani ya jimbo la Georgia, kusini mashariki mwa Marekani. Pwani yake ni fupi, kama kilomita 160 tu, lakini hukadiriwa kuwa na theluthi moja ya vinamasi vya chumvi vilivyobaki katika pwani yote ya mashariki ya nchi ile. Mkiona picha yake mara ya kwanza mtasema ni shamba la mpunga lisilo na mwisho. Ni nyasi za aina moja, spartina, zinazoota ndani ya maji ya bahari, na katikati yake hori zinapindapinda kama nyoka. Mahali kama pale kwetu pangekuwa na mikoko. Kule mikoko haistahimili baridi ya jalidi, basi nyasi zimeshika nafasi yake. Kazi ni ile ile: kushika tope, kuvunja mawimbi, kulea samaki wachanga.

Kamera niliyoanza nayo ilikuwa juu ya msonobari katika kisiwa cha Skidaway, karibu na mji wa Savannah, ikitazama tundu kubwa la ndege na kinamasi nyuma yake. Ilikuwa kazi ya watu wa pale kisiwani pamoja na Maabara ya Ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell. Tundu hilo lilikuwa la tai. Tai wakaliacha, mwaka 1915—la, nisomeeni vizuri, mwaka 2015—bundi wakubwa wakalea makinda humo, na baadaye furukombe wakalishika. Hivyo ndivyo nyumba za ndege zilivyo, hazina hati. Ziko kamera nyingine zilizofungwa kwenye magati ya mashua, na moja katika kisiwa cha Sapelo, juu ya mnara wa watafiti, ambayo haionyeshi picha inayokwenda, bali hupiga picha moja kila nusu saa ili kupima ukijani wa nyasi mwaka mzima. Hiyo ya mwisho haina watazamaji wengi, maana hakuna kinachotokea humo ila maji na majani. Ndiyo niipendayo mimi.

Sasa nije kwenye maji, maana hapo ndipo nyumbani kwangu. Saa za Georgia ziko nyuma ya zetu kwa saa saba wakati wa joto lao, na saa nane wakati wa baridi yao. Nikitazama saa moja jioni, kwao ni adhuhuri. Jioni ya kwanza nilikuta maji yamejaa hadi katikati ya nyasi. Jioni iliyofuata, saa ile ile, yalikuwa bado hayajafika hapo. Wiki moja baadaye, saa ile ile, hakuna maji: hori imebaki mfereji, na kingo zake ni tope tupu linalong'aa. Wiki nyingine, maji yamerudi pale pale. Kidato cha Nne mwaijua sababu, au mwapaswa kuijua. Kila siku mwezi huchelewa kama dakika 50, na maji humfuata. Siku 15 zikipita, kuchelewa huko kumefika kama saa 12 na nusu, nacho ndicho kipindi cha maji kujaa, kupwa na kujaa tena. Ndiyo maana mtu anayetazama saa ile ile kila siku huona mwendo wote wa maji kwa polepole, kama mtu anayefunuliwa kitabu ukurasa mmoja kila jioni. Darasani nilifundishwa jambo hili kwa chungwa na taa ya kandili. Sikulielewa hata kidogo mpaka nilipoanza kazi gatini.

Lipo jambo lililonishangaza hata mimi. Nilichukua jedwali la maji la Dar es Salaam nikalilinganisha na la Savannah. Siku za bamvua, kwetu maji hujaa mnamo saa kumi za jioni. Kule, siku hizo hizo, hujaa mnamo saa mbili za asubuhi au kupita kidogo. Hebu hesabuni tofauti ya saa. Ni karibu wakati mmoja! Maji yao na yetu hujaa pamoja na kupwa pamoja, hayapishani sana, ingawa kati yetu na wao kuna bara zima la Afrika na bahari nzima ya Atlantiki. Msidhani kwamba maji ya huku yanakwenda kule. Kila bahari hucheza ndani ya kitako chake, kama maji katika karai likitikiswa, na pwani zetu mbili kwa bahati tu zinapandwa na maji kwa zamu moja. Wao maji yao hupanda mita 2 na kitu kwa wastani. Sisi siku ya bamvua kubwa twapita mita 3. Lakini zamu ni moja. Kwa hiyo mimi, nikiwa barazani na magoti yangu mabovu, nikiona tope la Georgia limeanza kutokeza, najua kwamba hapa kwetu wavuvi wa madema wanashuka horini, na wale kina mama wa chaza wamekwisha funga kanga viunoni. Sijawahi kukosea kwa zaidi ya saa moja.

Naam, wanyama. Maji yakijaa, utaona mkizi wakiruka. Ndiyo, mkizi wale wale wa methali, wenye hasira inayomfurahisha mvuvi. Yakikupwa, wanaingia yangeyange na korongo wakubwa wa kijivu, wanasimama ukingoni kama askari wa zamu. Mwari hupita kwa mstari chini juu ya maji. Yuko ndege mmoja wa jamii ya kukuziwa, ambaye humwoni kamwe, anapita kati ya nyasi mwembamba kama kisu. Utamsikia tu akipiga makelele kama watu wanaopiga makofi. Na pomboo wa Georgia na wa jimbo jirani la South Carolina wana ufundi ambao mtu hauamini mpaka auone: maji yakiwa chini, hujipanga wakawasukuma samaki kwa wimbi hadi juu ya tope, kisha nao wakajirusha ukingoni nusu mwili, wakala, wakateleza kurudi majini.

Furukombe nitamweleza kidogo zaidi, kwa kuwa huyu ni ndugu yetu. Furukombe ni yule yule karibu duniani kote. Wa Georgia huhamia Amerika ya Kusini wakati wa baridi. Wanaokuja pwani yetu miezi ya kaskazi hutoka Ulaya na Urusi. Mguu wake umeumbwa kwa samaki: kidole cha nje hugeuka nyuma, ili ashike kwa viwili mbele na viwili nyuma, na nyayo zina miiba midogo samaki asiteleze. Akimpata samaki humgeuza kichwa mbele, asizuiwe na upepo. Dume huleta samaki, mara nyingi ameshakula kichwa. Jike hugawa kipande kwa kipande kwa makinda. Katika miaka ya hamsini na sitini dawa ya DDT ilikaribia kuwamaliza katika sehemu nyingi za Marekani, kwa sababu ilifanya maganda ya mayai kuwa membamba, na mama akayavunja kwa kuyaatamia. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mashambani, na ndege wakarudi.

Lakini kuwatazama kuna uchungu wake. Mayai ni matatu kwa kawaida, nayo hayaanguliwi siku moja. Kinda la kwanza hukua siku kadhaa kabla ya la mwisho. Samaki wakiwa wengi, wote hula. Samaki wakipungua, mkubwa humdona mdogo mpaka mdogo akaacha kuinua kichwa. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, saa moja jioni, mjukuu wangu kando yangu. Aliuliza kwa nini aliyeweka kamera asipande kumpa samaki yule mdogo, na najua kwamba wako watu wazima duniani kote wanaouliza hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba kamera ni mgeni aliyekaribishwa barazani, na mgeni hapangi chakula cha nyumba. Hakuridhika. Na mimi, kusema kweli, naona aliyeuliza alikuwa na moyo na aliyejibu alikuwa na hoja, na mambo hayo mawili hayapatani kila mara.

Sasa nitawaambia lile ambalo kamera haionyeshi, nalo ni kubwa kuliko lile inaloonyesha. Kamera haina pua. Haijui harufu ile ya tope la hori maji yakikupwa, ambayo sisi tuliolala katika mabweni haya tutaitambua hata tukiwa kaburini. Haiumwi na mbu. Huona pale tu ilipoelekezwa. Mambo yakitokea nyuma yake hayakutokea. Na wadogo haiwaoni. Kiumbe muhimu kuliko wote katika kinamasi kile hakuna kamera ya juu ya mti inayomwonyesha. Ni konokono, mdogo kama tunda la zambarau, anayepanda majani ya spartina maji yanapopanda, na kushuka yanapokupwa.

Huyu konokono nilimsoma baada ya kuchoka kutazama nyasi na kujiuliza nani anazila. Watu kwa miaka mingi walidhani anakula uchafu ulioshika majani. Mtaalamu Brian Silliman na wenzake walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba yeye ni mkulima. Hulikwaruza jani likiwa bichi, akalitia jeraha, na katika jeraha huota kuvu. Kisha hula kuvu hiyo. Jani lenyewe hufa. Wakawafungia konokono wengi ndani ya vizimba vya wavu, ambamo kaa na kobe wanaowala hawawezi kuingia, na katika muda wa miezi minane tu mahali pale pakawa tope tupu, hakuna nyasi hata moja. Mnaelewa maana yake? Mtu anayevua kaa wote wa hori hajui kwamba anakata nyasi. Na msiseme haya ni ya Marekani. Katika hori ya Mida, kaskazini ya Malindi kidogo—la, kusini yake, Watamu—wako konokono wanaopanda mashina ya mikoko kabla maji hayajafika, na watafiti wameonyesha kwamba huanza kupanda maji yakiwa bado mbali, kana kwamba wana jedwali mfukoni. Hapa kwetu wapo pia. Nendeni mkawaangalie. Vilevile kaa wale wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kama fidla na jingine dogo la kulia chakula: wako Georgia, wako nyuma ya jiko la shule hii.

Nimesema kwamba ninaipenda kamera ya Sapelo. Kisiwa kile kina historia inayotuhusu sisi watu weusi. Wako mpaka leo wazao wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani, wanaoitwa Wagichi, na mmoja wa wazee wao wa karne ya 19, Bilali, Mwislamu kutoka Afrika ya Magharibi, aliacha kitabu kidogo alichokiandika kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu. Kimehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Georgia. Wenzangu mliosoma chuoni kabla ya kuja shule mtaelewa kwa nini nilipolisoma hilo niliweka simu chini.

Chuo Kikuu hicho kilianzisha kituo cha utafiti Sapelo mwaka 1953. Walioingia humo, akiwamo Eugene Odum, walifanya kazi ambayo haina picha: kupima. Nyasi zinakua kiasi gani, kaa wanakula kiasi gani, maji yanatoka na nini. Mwaka 1962 John Teal alichapisha hesabu kamili ya nguvu ya jua inavyoingia katika kinamasi na inavyotumika, kama mhasibu anavyofunga vitabu. Wakati huo wengi waliona kinamasi ni ardhi isiyo na faida, ya kujazwa kifusi. Kisha mwaka 1968 kampuni moja ya madini ikataka kuchimba fosfati katika pwani ile karibu na Savannah. Serikali ya jimbo iliwauliza wataalamu, na wataalamu hawakuhitaji kuanza kutafuta; hesabu zilikuwa zimo makabatini miaka na miaka. Mpango ukakataliwa. Mwaka 1970 jimbo likapata sheria ya kulinda vinamasi vya pwani, iliyoletwa bungeni na mjumbe aliyeitwa Reid Harris, na nyasi ninazozitazama jioni zipo kwa sababu ya sheria hiyo.

Na katika mlango wa mto Savannah, mahali paitwapo Fort Pulaski, kuna kipimo cha maji kinachoandika tangu 1935. Kinasema kwamba bahari pale inapanda kwa milimita 3 na kitu kila mwaka. Milimita tatu! Mtu akikaa mbele ya kamera mwaka mzima bila kupepesa jicho hawezi kuziona. Lakini tangu kilipoanza, zimekuwa karibu sentimita 30, yaani rula nzima ya mwanafunzi. Mwezi Oktoba 2016 kimbunga Matthew kilipopita, kipimo kile kiliandika maji ya juu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa pale. Wanajua kuwa yalikuwa ya juu kuliko yote kwa sababu yote yaliyotangulia yameandikwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika kwenye kifungu cha sita.

Ng'ambo ya hori yetu, upande wa machweo, mikoko imekatwa. Kila aliyefika jana aliona. Sisi tulipokuwa hapa, mtu alisimama kwenye uwanja wa mpira asione chochote ng'ambo ila kijani. Leo anaona viwanja vimewekewa mawe ya mipaka na mabwawa mawili ya kuanikia chumvi. Kwa sheria ya nchi yetu mikoko ni msitu wa hifadhi. Mwaka jana kamati iliandika barua kwa ofisi moja, ambayo sitaitaja, kulalamika. Jibu lilikuja la mistari mitatu: tuonyeshe ni miti mingapi ilikuwapo, ilifika wapi, na maji ya bamvua yalikuwa yakiishia wapi zamani. Baadhi ya wanakamati walikasirika sana. Mimi nilipoisoma barua ile niliona kwamba, pamoja na ubaridi wake, swali ni la haki. Shule imekaa ukingoni mwa hori hii miaka yote hii. Vijana wangapi wamepita? Walimu wa sayansi wangapi? Hakuna daftari hata moja. Tuna picha za timu za mpira za kila mwaka, na katika mbili tatu kati ya hizo, nyuma ya kichwa cha golikipa, unaona mikoko. Huo ndio ushahidi wetu wote.

Ndiyo maana wenzetu wa kamati wanataka kamera, nami nawaelewa. Kamera itaona atakayekuja na shoka. Itawaonyesha wenzetu walioko Muscat, London na Toronto hori yao ya ujana, nao huenda wakatuma chochote. Kijana wa bwenini atamwona furukombe akishuka na mkizi. Sipingi hata moja. Lakini nauliza kama mtu wa bandarini. Nani atalipa intaneti mwezi wa saba, sherehe hii ikiwa imesahauliwa? Chumvi ya upepo wa kusi itakula nyaya kwa muda gani? Nani ataipanda paa kuifuta kioo? Na kuna wenzetu, nimewasikia asubuhi kule kwenye chai, wanaosema kwamba vyoo vya bweni la pili vinavuja, na kwamba ni aibu kununua jicho la kutazama ndege wakati watoto wanajisaidia kwenye maji machafu. Hao wana haki. Mimi nikilazimishwa kuchagua kimoja, nitachagua vyoo, bila kufikiri mara mbili.

Kwa hiyo nina badiliko la kupendekeza, na Katibu amekwisha kuliandika. Fedha za mwaka huu ziende vyooni. Kamera iletwe tena mkutano ujao, pamoja na jina la mtu atakayeitunza na hesabu ya gharama zake za miaka mitano. Lakini mwaka huu huu, tena kabla hatujatawanyika, tusimamishe mti wa vipimo horini. Ni boriti moja nzuri, rangi nyeupe na nyeusi, na alama kila sentimita 5. Boriti ninayo, nimekuja nayo katika gari la mpwa wangu, iko nje chini ya mwembe. Wanafunzi wawili kwa zamu watasoma maji yakijaa na yakikupwa mchana, waandike siku, saa, kipimo, na upepo. Kila Jumamosi wahesabu ndege walioko ukingoni, hata kama hawajui majina yao yote. Waandike "vitwitwi wadogo 40" inatosha. Kila mwanzo wa muhula wapige picha moja ya ng'ambo, kwa simu ya mwalimu, kutoka kwenye ngazi ile ile ya maabara. Daftari liwe mbili, moja maktabani na moja kwa Mkuu wa Shule, lisiliwe na mchwa yote. Siku kamera itakapokuja, ikute mti wa vipimo umesimama ndani ya picha, ili picha nayo iseme kipimo. Bila hivyo itakuwa televisheni tu.

Najua vijana mnaona hii ni kazi ya kuchosha. Ni ya kuchosha. Niliifanya miaka 31, na siku nyingi hapakuwa na kitu cha kuandika ila namba iliyofanana na ya jana yake. Zipo siku mbili tatu tu ambazo mtu alikuja ofisini akiwa na haraka, akauliza maji yalifika wapi tarehe fulani, nami nikafungua kitabu nikamwambia. Moja ya siku hizo ilimwokoa nahodha na kesi ambayo hakustahili.

Mwezi mpevu ulikuwa jana. Kesho maji yatakupwa sana, mnamo saa tano na robo asubuhi, na hapo ndipo pa kuchimbia boriti. Tukichelewa mpaka saa saba tutachimba ndani ya maji. Nahitaji vijana sita wenye nguvu, majembe mawili, ndoo ya zege, na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Mimi nitakaa juu ya kiti pale ukingoni niwaamrishe. Msije na viatu mnavyovipenda.